Nazali Iliyodondoka: Kitawe Kisichokuwa Kitawe

Katika vitabu vya mazoezi ya Kiswahili vinavyotumiwa shuleni humu nchini halikosi swali moja ambalo limerudiwa hata likachujuka: mwanafunzi atunge sentensi kubainisha maana mbalimbali za neno "paa". Mwanafunzi wa Nyeri, wa Kitui au wa Kakamega hatatizwi na swali hilo. Huandika kwamba moshi umepaa angani, kwamba paa la nyumba linavuja, kwamba paa alikimbilia kichakani, na akiwa hodari zaidi huongeza kwamba mama anapaa samaki. Hupewa alama zote. Neno moja, maana nne; kitawe hicho.

Mwanafunzi aliyelelewa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa naye hupewa swali lilo hilo. Nyumbani kwao paa wa mwituni hatamkwi kama paa la nyumba. Anapotajwa yule mnyama, hewa hutoka kinywani kwa nguvu, kana kwamba kuna "h" ndogo iliyojibanza baina ya "p" na "a". Linapotajwa paa la makuti, hewa hiyo haipo. Kwa sikio lake hayo si maana mbili za neno moja katu, bali ni maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, yaani vitate. Lakini akithubutu kuandika hivyo atakoseshwa. Hapa pana kinaya kisichochekesha: mtoto aliyeinyonya lugha pamoja na maziwa ya mamaye anaambiwa na kitabu kwamba hasikii vyema.

Wala si paa peke yake. Kaa wa baharini ana mpumuo. Kaa la moto halina, wala kitenzi kukaa hakina. Tembo mwenye mkonga ana mpumuo; tembo la mnazi halina. Changu, samaki ajulikanaye sana na wavuvi, hatamkwi sawa na "changu" cha kumiliki, na chungu wadogo watambaao jikoni si sawa kwa sauti na chungu cha kupikia. Kuta za nyumba ni kitu kimoja na kuta ya "kukuta" ni kingine. Msemaji wa Kimvita husikia tofauti hizi pasi na kufundishwa na mtu yeyote. Wasemaji wengi waliojifunza Kiswahili darasani hawazisikii kabisa, na hilo si kosa lao. Kosa ni kutoambiwa kwamba zipo. Kosa kubwa zaidi ni la wale wanaofundisha fonolojia ya Kiswahili katika vyuo vikuu huku wakiipa mada hii sentensi moja ya kupita njia, kana kwamba mpumuo ni mapambo ya watu wa pwani.

Mpumuo huo si pambo. Ni kaburi la sauti iliyokufa.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba ngeli ya I-ZI ina kiambishi cha nazali. Hukiona katika mbuzi, ndege, ngoma, nguo, njia na nyumba. Halafu hukutana na kuku, paka, pembe, tembo, kuni na pepo, na hapo huambiwa kwamba nomino hizi "hazina kiambishi". Maelezo hayo ni ya kweli kwa leo, lakini ni ya uongo kwa historia. Nomino hizo zilikuwa nacho. Kilidondoka.

Ushahidi hauhitaji safari ndefu. Mgikuyu humwita kuku "ngũkũ", na Mkamba husema "nguku". Mganda husema "enkoko". Ukishuka hadi Malawi, Mchewa husema "nkhuku", na Mzulu wa Afrika Kusini husema "inkukhu". Katika lugha hizi zote mwanzo wa neno una nazali ambayo Kiswahili hakinayo. Haiyumkiniki kwamba lugha hizo zote, zilizotawanyika kutoka miguuni mwa Mlima Kenya hadi pwani ya Natal, zilikaa zikashauriana kumwongezea kuku nazali. Lililo rahisi kukubalika ni kwamba nazali ilikuwapo tangu Mame-Bantu, na Kiswahili ndicho kilichoiacha njiani.

Kwa nini iliachwa? Jibu limo kinywani mwa kila msemaji. Nazali ni sauti ghuna: nyuzi za sauti hutetemeka inapotamkwa. Sauti /p/, /t/, /k/ na /ch/ ni sighuna: nyuzi hizo hutulia. Kuzitamka nazali na kipasuo sighuna kwa mfuatano kunadai nyuzi zitetemeke kisha zitulie ghafla, ilhali pua na kinywa navyo vinabadilishana zamu ya kupitisha hewa. Ni fundo gumu, na kila lugha ya Kibantu ililifungua kwa namna yake. Kigikuyu kiliamua kukighunisha kipasuo ili kifanane na nazali iliyokitangulia, ndiyo maana "k" ikawa "g". Kishona kilikwenda mbali zaidi, kikaacha nazali na kipasuo vyote viwili, kikabaki na pumzi peke yake: kuku kwa Kishona ni "huku". Kiganda kiliamua kuvumilia, kikabaki na "nk" yake hadi leo. Kichewa kiliongeza mpumuo lakini kikaitunza nazali. Kiswahili nacho kiliongeza mpumuo kisha kikaitupa nazali.

Hebu msomaji aitazame hatua ya Kichewa kwa makini, maana ndiyo inayofichua mengi. Kuku ni "nkhuku", paka ni "mphaka", upepo ni "mphepo", kuni ni "nkhuni". Mtu anayetaka kujua Kiswahili kilisikikaje kabla ya nazali kudondoka hahitaji kufukua mabaki ya kale. Inatosha amsikilize Mchewa akitaja vitu vya nyumbani kwake. Nazali ipo, mpumuo upo. Iondoe nazali, na kinachosalia ni kuku wa Mombasa, mwenye pumzi yake. Uondoe na mpumuo pia, na kinachosalia ni kuku wa kitabu cha shule.

Zile sauti ambazo si vipasuo hazikuacha hata kaburi. Nazali iliyotangulia "f" na "s" ilitoweka bila alama. Wachewa hula "nsima" na watu wa pwani ya Kenya hula sima. Chakula ni kile kile na neno ni lile lile, tofauti ni sauti moja ya mwanzo. Mombasa wenyewe hawana tena cha kuonyesha kwamba sima iliwahi kuwa na nazali. Bila lugha jirani habari hiyo ingalizama.

Faida ya kuyajua haya si ya wataalamu wa historia ya lugha peke yao. Kuna mambo mengi ya sarufi ya shule ambayo mwanafunzi huyakariri kama kasuku, nayo yangekuwa na maana lau angaliambiwa kisa hiki kimoja. Chukua vivumishi. Mwanafunzi huambiwa aseme nyumba ndefu, nyumba nzuri, nyumba mbaya, kisha aseme nyumba kubwa, nyumba pana, nyumba fupi, nyumba tamu ikiwa nyumba zaweza kuwa tamu. Akiuliza kwa nini "ndefu" ina nazali na "kubwa" haina, hujibiwa kwamba ndivyo lugha ilivyo. Ukweli ni kwamba kivumishi "kubwa" kilipewa nazali sawasawa na wenzake, ila nazali ikadondoka kwa kuwa imefuatwa na "k". Hakuna kivumishi kilichobaguliwa.

Chukua tena ngeli ya U-ZI, ambayo huwatoa jasho wanafunzi wa shule na, tusifichane, hata baadhi ya walimu wao. Ulimi huwa ndimi na ubao huwa mbao. Ukuta huwa kuta, ufunguo huwa funguo, upande huwa pande, ukuni huwa kuni. Vitabu husema kwamba katika kundi la pili "u" hudondoshwa tu. Sivyo. Katika makundi yote mawili "u" iliondolewa na nazali ikawekwa mahali pake. Katika kundi la pili nazali nayo ikadondoka baadaye, ikaliacha shina uchi. Msemaji wa Kimvita anapotamka "kuta" za nyumba kwa mpumuo, anatamka wingi. Kiambishi cha wingi kimo katika ile pumzi. Mofimu nzima imejificha katika hewa ambayo maandishi hayaioni.

Hapo ndipo mtu mwenye udadisi atauliza juu ya "mpya". Ikiwa nazali haivumilii kutangulia "p", mbona nyumba mpya haikuwa "nyumba pya"? Na mbona ipo nchi, na ipo nta ya nyuki? Mbona watu wa kaskazini mwa pwani humwita samaki "nswi"? Maneno haya yote yana jambo moja linaloyaunganisha: shina la kila moja lina silabi moja tu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lenye silabi moja halina mahali pa kuuweka. Nazali ingedondoka hapa, neno lingebaki kibogoyo. Basi nazali ikapewa kazi mpya, ikawa silabi kamili yenye kubeba mkazo. Katika Kiswahili cha Kongo watu wengi wameongeza hata irabu ya kuitegemeza, wakasema "inchi".

Woga huo huo wa neno dogo ndio unaoeleza kwa nini husemwa "amekula" wala si "amela", "anakuja" wala si "anaja". Ile "ku" inayobaki katika vitenzi vya silabi moja imebaki kwa sababu ile ile iliyoibakiza nazali ya "mpya". Ufa na uso nao hutunza "u" yao katika wingi, wakawa nyufa na nyuso. Mambo manne ambayo kwa kawaida hufundishwa katika sura nne tofauti, na kila mara kwa jina la "hali maalumu", yana mzizi mmoja. Walimu wa lugha wana pupa ya kutangaza hali maalumu.

Lipo swali gumu kuliko hilo, na ni ajabu kwamba haliulizwi mara nyingi katika mihadhara. Ikiwa "mp" ilivunjika, ikawa "p" yenye mpumuo, mbona mpunga haukuwa punga? Mbona mtama, mkate, mti na mkono vimebaki na "m" zao mbele ya vipasuo sighuna? Jibu ni kwamba "m" ya mpunga si nazali ya ngeli ya I-ZI. Ni mabaki ya "mu", kiambishi kinachosikika bado katika lugha nyingi za jamaa moja na Kiswahili. Mkono ulikuwa "mukono", kama Waganda wanavyosema "omukono" hadi leo. Irabu "u" ilidondoka, "m" ikabaki peke yake ikiwa silabi.

Lakini hilo lilitukia lini? Hapana shaka lilitukia baada ya nazali ya I-ZI kwisha kudondoka. Lau "mu" ingalitangulia kupoteza irabu yake, "mpunga" ungalikutana na ule ule mkasa uliompata "mphaka", na leo watu wangalikula punga. Kwa kuwa haukupatwa, ni lazima mkasa ulikuwa umekwisha kupita. Bila hati wala jiwe lenye maandishi, mwanafunzi aliyekaa darasani anaweza kuyapanga mabadiliko mawili ya kale kwa mfuatano wa wakati, lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Ni vigumu kufikiria zoezi bora kuliko hilo la kumfundisha kijana kwamba isimu ni fani ya kufikiri, si fani ya kukariri istilahi.

Nazali si mhanga kila mahali. Pengine ni mlinzi. Wasemaji wa Kiganda huita kuota "okuloota" na Wagikuyu husema "kũroota"; Kiswahili kimeidondosha ile sauti ya mwanzo na kubaki na "ota". Lakini ndoto imebaki na "d" yake, kwa kuwa nazali iliishika mkono. Vivyo hivyo, kuuma ni "okuluma" kwa Kiganda na "kũrũma" kwa Kigikuyu. Kiswahili kina "uma" iliyopokonywa kichwa. Na watu wawili wanapokuwa nyumba mbili, ile "b" ya mbili ni ya kale kuliko "w" ya wawili. Nazali imeihifadhi kama chumvi ihifadhivyo samaki. Basi hata kudondoka kwa sauti za mwanzo si ajali inayotokea ovyo. Kuna sheria inayoamua nani aanguke na nani asalimike.

Linafaa kutajwa pia, japo kwa ufupi, kwamba nazali ilipotoweka iliacha mlango wazi. Ngeli iliyojaa nomino zisizo na kiambishi kinachoonekana ilikuwa makao mepesi kwa maneno ya kigeni. Meza, kalamu, karatasi, kahawa, sukari, picha na mamia ya mengine yaliingia humo pasi na kubadilishwa sura. Yapo mambo mengine yaliyochangia, na lugha nyingine za Kibantu nazo zimepokea maneno ya kigeni yakiwa uchi vile vile. Hata hivyo inachekesha kidogo kuona kwamba pesa ilipofika kwa Wagikuyu ilivishwa kiambishi, ikawa "mbeca", ilhali Waswahili waliipokea jinsi ilivyo.

Sasa, ikiwa mpumuo una uzito wote huo, ulitowekaje katika maandishi? Haukutowekea kinywani. Katika karne ya 19 wapo waliousikia na kuuandika. William Taylor, mmishonari aliyekaa Mombasa na kushirikiana na Mwalimu Sikujua katika kuhifadhi tungo za Muyaka bin Haji, alijitahidi kuuonyesha katika maandishi yake, ikiwemo diwani yake ya methali ya mwaka 1891. Charles Sacleux naye aliuonyesha katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939. Lakini kufikia wakati huo uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa kwingine. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi kwa niaba ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati ilitaka tahajia nyepesi ya kupigwa chapa na kufundishwa kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa Waswahili. Mpumuo haukuingia.

Uamuzi huo una utetezi wake, na si haki kuwabeza waliouchukua. Nchi nne hazikuweza kufundishwa alama za mpumuo na walimu ambao wenyewe hawakuusikia. Lugha ya taifa haiandikwi kwa ajili ya mtaa mmoja. Anayependekeza leo kwamba magazeti, Katiba na vitabu vya shule viandikwe upya kwa "kh" na "ph" atakuwa anaota ndoto za mchana, na pengine anawatafutia wanafunzi wa bara adhabu wasiyostahili. Tahajia iliyopo imelihudumia taifa, na baada ya Katiba ya mwaka 2010 kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza, utulivu wake una thamani kubwa zaidi.

Lakini tahajia ni kitu kimoja na maarifa ni kitu kingine. Kinachodaiwa si kubadilisha maandishi bali kuacha kusema uongo juu ya matamshi. Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili, tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, huliorodhesha neno kama paa mara kadhaa na kuyatofautisha maingizo kwa nambari. Nambari zinaonyesha kwamba maana ni tofauti. Haziambii kitu juu ya sauti. Ni gharama gani ingehitajika kuweka alama ndogo, koma ya juu tu kwa mfano, kando ya ingizo la mnyama ili msomaji ajue kwamba yako majimbo ambako neno hili hutamkwa kwa mpumuo? Kamusi huweka alama za ngeli, za vitenzi elekezi na sielekezi, za maneno ya kale. Zina nafasi.

Mtihani nao una deni. Haifai mtahini aendelee kumkosesha mtahiniwa wa Lamu au Mombasa kwa kujua zaidi ya mwongozo wa kusahihisha. Maadamu vitabu vya kiada vinatofautisha vitate na vitawe, na maadamu tofauti hiyo inategemea matamshi, basi paa wa mwituni na paa la nyumba ni vitawe kwa maandishi na ni vitate kwa kinywa cha baadhi ya wasemaji. Sentensi moja katika kitabu cha mwalimu ingetosha kulieleza hilo. Anayesema kwamba jambo hilo litawachanganya wanafunzi anawadharau. Wanafunzi hao hao hukariri milolongo ya nyakati na hali katika ukanushi, na hawajazimia.

Upo upande wa pili wa shilingi ambao watetezi wa usafi wa lugha hawapendi kuutazama. Kila kukicha husikika malalamiko kwamba vijana wanazila sauti za Kiswahili. Husema "ntakuja" badala ya "nitakuja", "skuizi" badala ya "siku hizi", "shaenda" badala ya "nimekwisha kwenda". Mwanafunzi anayeandika "nasoma" hukatwa alama na mwalimu anayeshikilia kwamba lazima iwe "ninasoma", ilhali "nasoma" ina kiambishi cha wakati cha "-a-" kinachotambuliwa na vitabu vya sarufi, wala hakuna kilichodondoshwa kwa uvivu. Huyo mwalimu, akitoka darasani, husema "ameshafika" bila kujua kwamba ameidondosha "kwi" ya "amekwisha". Husema pia "mtu", neno lililopoteza irabu ya mwanzo na nazali ya katikati, ambalo Waganda bado hulitamka likiwa zima: "omuntu".

Hii si hoja ya kuhalalisha kila mkato. Insha ya chuo kikuu ina adabu yake, na "skuizi" haina kiti humo. Ila iko tofauti baina ya kusema kwamba umbo fulani halifai katika muktadha rasmi na kusema kwamba umbo hilo ni uharibifu. Kiswahili sanifu chenyewe, na usafi wake wote unaoimbwa, kimejaa maneno yaliyokatwa vichwa. Waliosema "kuku" badala ya "nkhuku" kwa mara ya kwanza huenda nao walikaripiwa na wazee wao. Kinachowakera wasafi wa lugha ni kwamba mkato wa leo bado una mwenyewe, naye ni kijana, na amesimama mbele yao.

Watafiti wamelifanya jambo hili kwa kina. Kazi ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch ya mwaka 1993 juu ya Kiswahili na lugha za Sabaki inapatikana katika maktaba, nayo inaonyesha jinsi Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda, Kiilwana na Kikomoro zilivyopitia mengi ya mabadiliko haya kwa pamoja. Kisichokuwapo ni daraja kati ya vitabu hivyo na darasa la mwaka wa kwanza. Tena vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kiswahili hulazimika kuyasoma maelezo ya nazali yake kwa lugha ya watu. Wahadhiri wana uwezo wa kulijenga daraja hilo, na vyama vya Kiswahili vya wanafunzi vina uwezo wa kuanza hata bila kuwasubiri.

Kazi ya kuanzia ni nyepesi. Kila muhula unapokwisha wapo wanachama wanaorudi Lamu, Kilifi, Kwale na Mombasa. Wapo wazee huko, na kwa kila mwaka upitao wanapungua. Mwanachama amwombe bibi yake ataje kuku, kuni, kuta, tembo, paa na kaa, kila neno mara mbili kwa maana zake mbili pale zilipo mbili, huku kipande chembamba cha karatasi kimeshikwa vidole viwili mbele ya midomo yake. Simu ya mkononi itarekodi sauti. Karatasi itatikisika kwa paa mmoja, na kwa paa la pili itatulia.